Mtae na Mambo: Kuchagua Kijiji cha Kuishi Ukingoni mwa Usambara

Milima ya Usambara Magharibi, ambayo ni sehemu ya Tao la Mashariki, yaani mfululizo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa kusini mwa Tanzania, haishuki taratibu upande wake wa kaskazini magharibi bali hukatika ghafla, na mtu aliyesimama ukingoni huziona tambarare za Mkomazi zikiwa takriban mita elfu moja chini yake, zimetanda mpaka Kenya. Juu ya ukingo huo, katika Wilaya ya Lushoto mkoani Tanga, vimekaa vijiji viwili jirani, Mtae na Mambo, ambavyo mwenyeji hutoka kimoja kwenda kingine kwa miguu bila kuiita safari. Vyote viwili ni vitulivu, vyote vina baridi, na vyote vinaitazama milima ya Upare upande wa magharibi, na siku ya anga safi hata Kilimanjaro. Mstaafu wa Tanga au Dar es Salaam anayetafuta pa kumalizia maisha yake, au familia changa iliyochoshwa na joto na kelele za mjini, anaweza kudhani kwamba kuchagua kati ya vijiji hivi ni suala la ladha tu, la kuamua ni wapi jua linapendeza zaidi linapozama. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Mandhari ndiyo kigezo dhaifu kuliko vyote, kwa kuwa yako sawasawa katika vijiji vyote viwili, na wenyeji wenyewe hawakuwahi kuchagua mahali pa kujenga kwa kuangalia mandhari.

Wasambaa, ambao ndio wenyeji wa milima hii, wameigawa nchi yao katika kanda mbili tangu kale. Ukanda wa juu wenye baridi, mvua na migomba wanauita shambaai, na ukanda wa chini wenye joto, miiba na mvua chache wanauita nyika. Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, aliyefanya utafiti milimani humo katika miaka ya 1960 na kuchapisha historia ya ufalme wa Wasambaa mwaka 1974, alionyesha kwamba mgawanyo huo ndio uliowaongoza watu katika kuchagua makazi. Mkulima alitaka kulala shambaai, mahali penye afya na migomba isiyomwangusha, lakini hakutaka kukaa mbali na ukingo, ili aweze kushuka nyika kulima mazao ya ukanda wa joto na kurudi nyumbani. Aliyekuwa na mashamba katika kanda zote mbili alikuwa amejiwekea kinga, kwa kuwa mvua iliyokosekana huku ilipatikana kule, na mavuno ya juu na ya chini hayakukomaa wakati mmoja. Ndiyo maana vijiji vingi vikubwa vya zamani vilijipanga kwenye pembezo za milima na kuiacha sehemu kubwa ya katikati kwa misitu na malisho.

Kukaa ukingoni kulikuwa na faida nyingine katika karne ya 19, wakati uvamizi wa kutoka nyikani ulipokuwa jambo la kawaida, na hasa baada ya kifo cha mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, watoto na wajukuu wake walipogombania madaraka na biashara ya watumwa ikaingia katika ugomvi huo. Kijiji kilichoiona tambarare yote kilimwona adui mapema. Amani ilipopatikana, sababu ya ulinzi ilikufa, lakini sababu ya chakula ilibaki, na ndiyo iliyovifanya vijiji kama Mtae viendelee kuwa na watu.

Wageni walikuja na hesabu tofauti. Wajerumani waliojenga reli kutoka Tanga na kuifikisha Mombo mwaka 1905 walipanda milimani kuukimbia joto na homa, wakaujenga mji wa Lushoto na kuuita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, na Waingereza waliowafuata wakaendelea kuutumia kama mahali pa viongozi kupumzikia miezi ya joto. Kwa watu hao mlima ulikuwa hewa, ubaridi na mandhari, na chakula chao hakikutegemea ukaribu wa nyika. Mtazamo huo ndio unaorithiwa bila kujua na Mtanzania wa leo anayepanda Lushoto mwishoni mwa juma, akavutiwa na ukungu wa asubuhi, akauliza bei ya kiwanja kabla hajauliza maji yanatoka wapi.

Tofauti ya kwanza kati ya vijiji hivi viwili ni mwinuko. Mambo iko juu zaidi, takriban mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, kwenye bega pana la mlima lenye nafasi ya mashamba kuzunguka nyumba. Mtae iko chini kidogo, ingawa bado ni zaidi ya mita 1,500, na imejengwa juu ya mgongo mwembamba uliochomoza kuelekea nyikani, kiasi kwamba sehemu fulani nyumba za pande mbili za barabara zina bonde nyuma yake kila upande. Kila mita 100 za kupanda hupunguza joto kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi za Selsiasi, na tofauti hiyo inayoonekana ndogo katika hesabu huonekana wazi shambani. Mazao yanayopenda baridi, kama viazi mviringo, kabichi, karoti, mapeasi na maplamu, huwa na raha zaidi kadiri mtu anavyopanda, ilhali migomba na mahindi huchelewa kukomaa. Mwenye nia ya kupanda bustani ya matunda ya nchi za baridi atapata udongo na hewa anavyovihitaji Mambo. Anayetaka kula ndizi za shambani mwake na kushuka mara kwa mara kwenye mashamba au biashara ya tambarare, ambako skimu za umwagiliaji za Mng'aro, Mnazi na Lunguza hutoa mpunga, atajikuta yuko karibu zaidi na mahitaji yake Mtae.

Hata hivyo suala linalostahili kuchunguzwa kuliko yote ni maji, na hapa kijiji chochote cha mgongoni mwa mlima kina ugumu wake wa asili. Mvua huanguka juu, lakini chemchemi huibuka chini. Maji ya mvua hupenya katika udongo mwekundu mzito hadi yanapokutana na mwamba mgumu wa kale usiopitisha maji, kisha hutembea juu ya mwamba huo mpaka pale mteremko unapolikata tabaka hilo, na hapo ndipo yanapotokea nje. Kwa sababu hiyo vyanzo vingi viko chini ya kijiji, na aliyejenga juu kabisa hana budi ama kuyabeba maji akipanda nayo, ama kuyaleta kwa bomba kutoka chanzo kilicho juu zaidi yake. Njia hii ya pili huitwa maji ya mserereko, yaani mfumo ambao maji hushuka kwa uzito wake yenyewe bila pampu wala umeme, na ndiyo inayofaa milimani kuliko nyingine kwa kuwa gharama yake kubwa ni ya kujenga na si ya kuendesha. Ukiangaliwa kwa undani, mfumo huo una udhaifu mmoja: bomba likishuka kwenye shingo iliyo kati ya vilele viwili na kupanda tena upande wa pili, shinikizo la maji hapo chini huwa kubwa kiasi cha kupasua maungio, na kijiji kilicho kwenye mgongo uliojitenga ndicho chenye shingo za namna hiyo.

Chanzo kikuu cha uhai wa maji katika eneo hili ni msitu wa hifadhi wa Shagayu, ulio nyuma ya vijiji hivi upande wa milimani. Miti ya msitu wa mawingu hufanya kazi mbili. Mizizi yake huifungua ardhi ili mvua ipenye badala ya kutiririka, na majani yake, pamoja na kuvumwani na ndevu za miti zinazoning'inia matawini, huunasa ukungu na kuudondosha chini hata siku ambazo mvua haikunyesha. Kadiri msitu unavyokatwa pembezoni, chemchemi za chini hupungua, na athari hiyo huonekana kwanza mwishoni mwa kiangazi, kati ya Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, kabla mvua za vuli hazijaanza. Mtu anayetaka kuhamia Mtae au Mambo hatakiwi kuuliza kama kijiji kina bomba, kwa sababu atajibiwa kwamba lipo, na jibu litakuwa kweli. Anapaswa kwenda mwezi huo wa Septemba, asimame kwenye kilula, yaani kituo cha kuchotea maji, saa kumi na mbili asubuhi, na aangalie foleni ya ndoo. Madumu yaliyopangwa mstari tangu usiku, kila moja limewekewa jiwe juu au kufungwa kitambaa ili mwenyewe alitambue, yatamweleza mengi kuliko mazungumzo ya ofisini. Baada ya hapo akakutane na viongozi wa chombo cha watumia maji ngazi ya jamii, ambacho kwa mujibu wa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ndicho kinachosimamia mradi wa kijiji chini ya uangalizi wa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, awaulize ni nani anayelipwa kutembelea bomba na fedha za vipuri zinatoka wapi. Kijiji chenye majibu ya maswali hayo mawili ni bora kuliko kijiji chenye tangi kubwa jipya lisilo na msimamizi.

Barabara inahitaji maneno machache. Njia ya kutoka Mombo hadi Lushoto kupitia Soni ina lami, na kuanzia hapo msafiri hupanda Magamba, akapita ukanda wa Shume na soko kubwa la mboga la Lukozi, akaendelea Manolo hadi Mtae, ambako basi hugeuzia. Mambo iko pembeni ya mkondo huo na hufikiwa kwa kuacha njia ya Mtae. Tofauti hii ndogo ya ramani ina uzito mkubwa katika maisha, kwa sababu kijiji kilicho mwisho wa njia ya basi hupata maduka, nyumba za wageni, mafundi na watu wa kupita, ilhali kijiji cha pembeni hupata utulivu na pia gharama ya bodaboda. Mabasi ya Mtae huondoka kungali giza ili abiria wafike miji ya chini mchana, na mwenye mgonjwa anayehitaji hospitali ya Lushoto hulipanga jambo hilo kwa saa za basi. Wakati wa masika udongo huporomoka, barabara hukatika, na hapo kila saa moja ya safari inaweza kuwa nne. Kijana mwenye pikipiki yake hatalihisi hilo sana, lakini mzee wa miaka 70 mwenye shinikizo la damu atalihisi.

Suala la afya limezungukwa na imani nusu kweli, kwa hiyo linahitaji kuelezwa kwa upana. Ni kweli kwamba malaria hupungua kwa kasi mtu anapopanda Usambara, na watafiti waliopima maambukizi katika ngazi mbalimbali za milima hiyo wamelithibitisha hilo, kwani baridi hurefusha muda ambao vimelea huhitaji kukomaa ndani ya mbu aina ya anofelesi, na mbu wengi hufa kabla vimelea hivyo havijawa tayari kuambukiza. Lakini faida hiyo ina upande wa pili. Anayeishi juu muda mrefu hupoteza au hajengi kinga ya mwili aliyonayo mtu wa nyikani, na akishuka kulala tambarare wakati wa kulinda mpunga au kuvuna, malaria humkamata kwa ukali. Familia inayofuata desturi ya zamani ya kulima kanda mbili inahitaji chandarua hata kama nyumba yake ya mlimani haina mbu, na chandarua hicho kisafiri pamoja na jembe.

Ugonjwa wa pili ambao mgeni hatajiwi ni tauni. Kuanzia mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijiji vya nyanda za juu za Lushoto vilipata milipuko ya tauni iliyorudi mara kwa mara, ikaambukiza maelfu ya watu na kuua mamia, mpaka eneo hilo likawa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa zaidi na wataalamu wa ugonjwa huo barani Afrika, wakiwemo watafiti wa panya wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Tauni husababishwa na bakteria wanaobebwa na viroboto wa panya, na dalili yake inayojulikana ni homa kali pamoja na mitoki, yaani uvimbe wa tezi za kinenani au kwapani. Ugonjwa huo unatibika kwa dawa za kawaida za kuua bakteria iwapo mgonjwa atawahishwa, na milipuko hiyo imekwisha, wala hakuna sababu ya kuiogopa milima hii. Sababu ya kuitaja ni kwamba inamfundisha mgeni namna ya kujenga.

Nyumba nyingi za zamani za milimani zina dari ya miti juu ya jiko la mafiga, na juu ya dari hiyo hupangwa mahindi yenye maganda yake na mafungu ya maharage, ili moshi wa kila siku uyakaushe na kuwafukuza fukusi na dumuzi. Ni hekima iliyookoa chakula kwa vizazi vingi, lakini pia humleta panya akalale chumba kimoja na watoto, kwani mavuno yakishaondolewa shambani panya wa shambani hufuata nafaka nyumbani, na kiroboto humfuata panya. Anayejenga upya Mtae au Mambo angefanya vizuri kutenga ghala, likae juu ya nguzo zenye vizuizi vya bati, au kutumia mapipa na mifuko isiyopitisha hewa, na kuliacha jiko liwe jiko. Vilevile angefanya vizuri kutoiga nyumba ya Dar es Salaam. Madirisha makubwa yanayofunguka upande wa ukingo, ambayo ndiyo kitu cha kwanza mgeni anachotaka, hupokea upepo moja kwa moja, na ukungu wa Julai huingia ndani na kulowesha magodoro. Wenyeji hujenga mlango na madirisha yao upande uliojikinga, huacha kuta nene za tofali za kuchoma au udongo zihifadhi joto la mchana, na huitazama nyika kutoka uani wakati wa kazi. Anayetaka dirisha la mandhari na alijenge, lakini liwe dogo na liwe na kioo kilichokazwa barabara.

Ardhi yenyewe ina historia inayopaswa kujulikana na kila anayepewa kipande chake. Serikali ya kikoloni ya Uingereza, ikiwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo, ilianzisha mradi katika bonde la Mlalo mwaka 1946 na kuupanua mwaka 1950 kuwa Mpango wa Usambara, ambao uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya kukinga maji kwenye miteremko na kuwaadhibu waliokataa. Watu waliupinga vikali, kwa kuwa kazi ilikuwa nzito, iliwaangukia zaidi wanawake, na ilichukua ardhi ya kulima bila kuongeza mavuno ya karibuni, na kufikia mwisho wa muongo huo mpango ukawa umevunjika, ukiwa umekipatia chama cha TANU wafuasi wengi milimani. Tatizo la udongo, hata hivyo, lilikuwa la kweli. Kuanzia mwaka 1981 mradi mwingine uliofadhiliwa na Ujerumani, uliojulikana kwa kifupi cha SECAP, ulirudi kwenye suala hilohilo kwa njia ya hiari, ukihimiza kupanda majani ya malisho kufuata kontua, yaani mistari ya usawa wa mteremko, pamoja na miti ndani ya mashamba na ng'ombe wa kufungiwa zizini, ili kinachozuia udongo ndicho hichohicho kimlishe mfugo. Shamba lenye mistari ya majani hayo iliyokomaa lina thamani kubwa kuliko jirani yake lililolimwa kuteremka, hata kama bei ni moja, na mnunuzi asiyejua kulitofautisha atakuwa amenunua udongo ambao mvua mbili tatu za masika zitaupeleka nyikani.

Neno la kununua lenyewe lina mipaka. Ardhi ya Mtae na Mambo, isipokuwa misitu ya hifadhi, ni ardhi ya kijiji, na kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 msimamizi wake ni Halmashauri ya Kijiji, yaani chombo cha wajumbe kati ya 15 na 25 waliochaguliwa na wanakijiji. Halmashauri hiyo haiwezi kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, haujaidhinisha, na anachopata mwombaji ni hakimiliki ya kimila, haki yenye hadhi sawa na hakimiliki ya kupewa na serikali katika ardhi ya jumla. Mtanzania asiye mkazi anaweza kuomba, lakini mtu asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi hiyo kwa ajili ya makazi. Anayehamishiwa ardhi na familia bila Halmashauri kujua, kwa karatasi iliyoandikwa mbele ya balozi wa nyumba kumi na mashahidi wawili, amejiwekea kesi. Katika milima iliyojaa watu kama hii, ambako kipande kimoja kimegawanywa kwa watoto na wajukuu, si ajabu kukuta kwamba aliyeuza ana kaka mjini ambaye hakuulizwa, au mke ambaye ridhaa yake Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka pale nyumba ya ndoa inapouzwa. Njia salama ni kutembea mipaka mchana pamoja na majirani wa pande zote nne na wanafamilia wa muuzaji, kila mmoja akionyesha sale, yaani mmea wa mpaka, au jiwe analolijua, kabla fedha haijatoka mfukoni.

Jambo hilo la majirani ndilo linalobeba uamuzi kuliko mwinuko na barabara. Wasambaa wana mafundisho ya kisiasa ya zamani kuhusu kuiponya nchi, ambayo wao huyaita kuzifya shi, na kinyume chake, kuiharibu nchi, yaani kubana shi. Feierman alieleza kwamba mvua, rutuba na amani vilihesabiwa kutegemea uhusiano kati ya watu wenye nguvu, na kwamba ukame na njaa vilikuwa ishara ya ugomvi wao. Mwanasayansi wa hali ya hewa hawezi kukubaliana na maelezo hayo juu ya mvua, lakini katika kijiji cha ukingoni, ambako maji ya mmoja hupita shambani mwa mwingine na udongo wa aliye juu humwangukia aliye chini, fundisho hilo lina ukweli wa kila siku. Hata habari za mwanzo wa ufalme zinasimulia jambo hilohilo. Abdallah bin Hemedi, ambaye Habari za Wakilindi yake ilichapishwa kwa Kiswahili kwa sehemu kuanzia miaka ya 1890, anasimulia jinsi Mbegha, mwindaji kutoka Nguu na mwanzilishi wa ufalme huo, alivyopokelewa na Wasambaa kwa kuwa aliwaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mazao na kugawa nyama. Alikuja mgeni asiye na shamba, akaondoa adha iliyokuwa ya wote.

Mgeni wa leo hahitajiki kuwinda nguruwe, lakini atahesabiwa kwa vipimo vya aina hiyo. Mstaafu aliyekuwa mwalimu, muuguzi, fundi bomba au mhasibu ana kitu ambacho kijiji chochote kati ya hivi viwili kinakihitaji, na ni jambo la kusikitisha kuona watu wa namna hiyo wakijenga ukuta wenye vioo juu, wakaishi ndani yake na walinzi waliokuja nao. Utulivu wa Mtae na wa Mambo haukuletwa na upungufu wa watu, kwa kuwa Usambara ni miongoni mwa milima yenye watu wengi nchini. Uliletwa na namna watu wanavyoishi: koo zilizochanganya Waislamu na Wakristo zikizikana na kuozana, adhana na kengele ya Kilutheri zikisikika katika kitongoji kimoja, na mizozo ikipelekwa kwa wazee au kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji kabla haijafika Lushoto. Anayeutaka utulivu huo bila kuingia katika kazi inayoulinda ataishi pembeni ya kijiji, siyo ndani yake.

Kwa mtu ambaye miguu yake imeanza kuchoka, anayetegemea basi, duka la dawa na soko, na anayependa kukutana na watu njiani, makala haya yangemwelekeza Mtae bila kusita, ingawa mgongo wake ni mwembamba na kiwanja kizuri ni adimu. Kwa wanandoa wenye umri wa kufanya kazi, walio tayari kupanda miti ya matunda na kuisubiri miaka mitatu au minne, wenye chombo chao cha usafiri na moyo wa kuvumilia ukungu wa Julai, Mambo ina ardhi na nafasi ambayo Mtae haina. Uamuzi wa kati, yaani kujenga Mambo na kufanya shughuli zote Mtae, unavutia kwenye karatasi, lakini unamfanya mtu awe mgeni katika vijiji viwili badala ya mwenyeji katika kimoja, na unastahili kukataliwa.

Mikutano mikuu ya vijiji hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na tangazo lake hubandikwa ofisini na kutangazwa katika vitongoji. Mwombaji angekuwa amejitendea haki kama angehudhuria mmoja Mtae na mmoja Mambo kabla ya kupeleka barua yoyote, akae nyuma, asikilize taarifa ya mapato na matumizi ikisomwa, aone ni nani anayeruhusiwa kuuliza maswali magumu, kama wanawake wanazungumza na kusikilizwa, na jinsi mwenyekiti anavyojibu pale mtu anaposimama kusema kwamba bomba la kitongoji chake lina wiki tatu halitoi maji.